Historia Yako Haijafika Mwisho

Nchi hii msihangaike kuitafuta kwenye ramani. Mchora ramani alipoifikia alikuwa amechoka, akaweka kikombe chake cha chai palepale, na hadi leo watu wanadhani ni doa. Lakini ipo. Ina bendera, ina wimbo wa taifa wenye beti kumi na moja, na ina Wizara ya Ajira, Haki na Uvumilivu, ambayo mimi niliitumikia kwenye masjala miaka thelathini na minne, nikipanga mafaili hadi nikastaafu na kikohozi cha vumbi. Haya nayasema kwa nia njema tu. Serikali ile ni nzuri sana, hasa ukiitazama kwa mbali.

Waziri wetu, Mheshimiwa Tiberio Zongozi, alichukia upendeleo kuliko sisi sote. Aliuchukia hadi mashemeji zake wote sita waliokuwa wakurugenzi wizarani wakaanza kuuchukia nao. Ndipo ukaletwa mtambo kutoka ng'ambo. Ukafungwa ghorofa ya tatu, ukapewa chumba chenye kiyoyozi, ukapewa na jina: Chekeche.

Siku ya uzinduzi Mheshimiwa alihutubia kwa saa tatu na robo, akitua tu kunywa maji.

"Kuanzia leo," alinguruma, "hakuna cha mjomba, hakuna cha shangazi! Chekeche halina kabila, halina kijiji, halina tumbo! Mwombaji ataleta historia yake ya kazi kwa kompyuta, Chekeche litaisoma kwa muda wa kupiga chafya, litatoa alama. Anayepata themanini ana kazi. Asiyepata, ajitafakari! Na akijaribu mara tatu akashindwa, ajitafakari miaka mitano!"

Tulipiga makofi mpaka mzee mmoja akateguka kifundo cha mkono.

Wiki mbili baadaye ukatoka waraka: kaimu yeyote asiguse chombo cha serikali hadi Chekeche limpitishe. Waraka mfupi, wa mistari miwili. Tatizo ni kwamba katika nchi ile karibu kila mtu alikuwa kaimu. Daktari alikuwa kaimu daktari, hakimu alikuwa kaimu hakimu, na daraja la kuingilia mjini lilikuwa kaimu daraja.

Sasa nije kwa Bi Sikudhani Mlawa. Huyu alikuwa kaimu mfungua mlango wa bwawa lililo juu ya mji wetu wa Bondeni. Miaka kumi na tisa, kaimu. Kazi yenyewe ni gurudumu la chuma lenye kimo cha mtu mzima. Ukilizungusha, mlango wa chini unainuka, maji yanatoka taratibu kwenda mtoni. Ukutani kuna alama za rangi, moja hadi ishirini, na ya ishirini ni nyekundu. Ukuta wenyewe ni mkongwe. Kila mtu Bondeni anajua kwamba maji yakipita nyekundu ukuta unakwenda, na unakwenda na soko, na shule, na wodi ya wazazi, na nyumba mia saba.

Jumatatu ya waraka gurudumu likafungwa mnyororo na kufuli, kufuli likapigwa lakiri ya wizara, na pembeni akawekwa Koplo Njugilo na bunduki. Amri yake ilikuwa karatasi moja: atakayegusa gurudumu bila barua ya Chekeche apigwe risasi, kisha aandikiwe barua ya onyo.

Jumatatu hiyohiyo mvua ikaanza. Maji yalikuwa alama ya kumi na moja.

"Njugilo, kaka'angu, fungua," Sikudhani alimwambia. "Mvua ikitokea upande ule haina mzaha."

"Dada, nyumba yangu iko hukohuko chini. Mke wangu anajifungua mwezi huu. Unadhani napenda kusimama hapa?"

"Basi fungua."

"Barua."

"Utazama nayo hiyo barua!"

"Nitazama kihalali," alisema Koplo.

Basi Sikudhani akashuka mbio hadi duka la Elpidi, fundi wa kuchapa na kutoa kopi, mwenye kompyuta pekee Bondeni iliyozungumza na Chekeche. Mimi nilikuwemo dukani, kwa sababu mstaafu lazima akae mahali. Nilimwona akiandika kwa kidole kimoja, maji yakimchuruzika kwenye kibodi. Aliandika ukweli, masikini. Niliusoma begani kwake:

"Nikisikia ukuta unaguna nafungua robo. Mawingu yakiwa mazito nafungua nusu kabla hayajafika. Miaka kumi na tisa Bondeni hajafa maji hata kuku."

Elpidi akabonyeza. Chekeche halikuchukua hata muda wa chafya.

"NDUGU MWOMBAJI. ALAMA 4 KWA 100. SABABU: HISTORIA YAKO HAIJAFIKA MWISHO."

"Haijafika mwisho wapi?" Sikudhani akauliza. "Nimeandika hadi leo asubuhi!"

"Wote wanaambiwa hivyohivyo," Elpidi akasema. "Yule injinia wa mabwawa, mwenye shahada tatu, kapata tisa. Akaongeza cheti cha ubatizo, kapata nane. Tumeshatuma mia nne kutoka mji huu, hajapita hata mmoja. Dada yangu, tatizo lako umeandika kienyeji. Mashine inataka maneno yake. Rudi kesho nikupikie."

Jumanne alama ilikuwa kumi na tano. Sokoni watu walikuwa wameanza kupandisha magunia juu ya meza bila kusema kwa nini.

Elpidi alikuwa amechomoa maneno yote kwenye tangazo la kazi lenyewe, akayapanga upya kama mtu anayepanga nyanya: weledi, ubunifu, uongozi wa kimkakati, uwezo wa kufanya kazi chini ya shinikizo. Historia ya Sikudhani ikawa na kurasa sita na haikuwa na tone la maji ndani yake. Alipoisoma aliuliza, "Huyu nani?"

"Ni wewe, umevaa tai."

Akabonyeza.

"ALAMA 2 KWA 100. HUYU SI MWOMBAJI, NI TANGAZO LETU. HISTORIA YAKO HAIJAFIKA MWISHO. UMEBAKIZA JARIBIO MOJA."

Mvua ilipiga bati tukashindwa hata kulaumiana. Mikono ya Sikudhani, ambayo nimeiona ikigeuza chuma, ilikuwa imelala mapajani kama si yake.

Hapo ndipo akaingia mjane wa Pantaleo, mwenye kanga nyeusi kichwani, ameshika karatasi ndani ya mfuko wa nailoni. Pantaleo alikuwa tarishi wa wizara. Tulimzika Jumamosi.

"Elpidi mwanangu, nitolee kopi," alisema. "Halafu nieleze, maana naona kama wananidhihaki."

Elpidi akaisoma, akanipa mimi. Ilikuwa barua ya Chekeche. Marehemu Pantaleo alikuwa amepata alama tisini na saba na kuteuliwa Mkurugenzi wa Mipango.

"Ulimwombea kazi marehemu?" nikamuuliza Elpidi.

Elpidi akageuka rangi. "Mzee Makwega, sikumwombea! Alikuwa ameacha maombi yake hapa kabla hajaugua. Ijumaa mama akaniletea historia fupi ya marehemu niichape, ile ya kusomwa makaburini. Nadhani… nadhani nilichanganya. Ya makaburini nikaituma wizarani."

"Na makaburini ikasomwa nini?" Sikudhani akauliza.

"Ndiyo maana padri alisema Pantaleo anaomba kupangiwa kituo chenye umeme," alisema mjane. "Nikadhani ni mafumbo ya dini."

Wenzangu walikuwa wanakaribia kucheka. Mimi niliketi juu ya katoni la karatasi, kwa sababu nilikuwa nimeelewa. Na nikaelewa pia ni kosa la nani.

Niwaambieni jambo la ofisini kwetu. Katika wizara ile bosi hakuthubutu kuandika neno zuri juu ya mtu wa chini yake aliye hai. Ukimsifu leo, kesho anakalia kiti chako. Kwa hiyo faili la mtumishi hai lilikuwa na barua za aina moja tu: jieleze ndani ya saa ishirini na nne kwa nini usichukuliwe hatua. Ukichelewa, jieleze. Ukiwahi, jieleze ulikuwa unatafuta nini ofisini mapema. Sifa zilingoja maziko. Siku ya maziko mkurugenzi mwenyewe alisimama kando ya kaburi na karatasi, akasema mchapakazi, akasema mwadilifu, akasema ameacha pengo lisilozibika, na ile karatasi ikarudi masjala, ikapigwa muhuri, ikawekwa kwenye faili.

Walipokuja mafundi wa Chekeche, mwezi mmoja kabla sijastaafu, walisema: "Mzee, mtambo lazima ufundishwe mtumishi bora anafananaje. Tuletee mafaili ya watumishi bora." Nikawapelekea mia sita. Yote yenye sifa. Wenyewe walikuwa chini ya udongo, lakini hilo sikuulizwa, na mimi nilifundishwa kazini kujibu nililoulizwa.

"Kwa hiyo," Sikudhani akasema polepole baada ya kunisikiliza, "mashine inajua kwamba mfanyakazi bora ni mfu."

"Haijawahi kuonyeshwa mwingine."

Alisimama, akatazama mlimani kupitia mlango. "Mzee Makwega. Mama yangu yu hai. Unataka nijiandikie kifo, mama akiwa hai?"

"Mimi sitaki kitu, binti yangu. Nakwambia tu mtambo unataka nini."

Alitoka bila kuaga.

Jumatano asubuhi alirudi kabla Elpidi hajamaliza kufungua duka. "Kumi na nane," alisema. "Na jiwe moja limetoka. Andikeni."

Nikaandika mimi, kwa kuwa historia za marehemu wa wizara nimezisoma nyingi kuliko magazeti. Elpidi alichapa, jenereta likikohoa uani, petroli ikiwa imebaki ya kufunika sakafu ya tangi.

"Marehemu Sikudhani Mlawa," nikasoma, "alizaliwa hapa Bondeni, mtoto wa pili wa Bi Mwantumu…"

"Haraka, mzee."

"Historia ya marehemu haisomwi haraka. Alikuwa mchapakazi, mcheshi, asiyechagua mvua…"

"Mcheshi toa. Sijacheka tangu Jumatatu."

"Mcheshi lazima. Wafu wote ni wacheshi. Miaka kumi na tisa hakuchelewa. Hakuacha gurudumu hata siku aliyovunjika kidole…"

Hapo nikasita, maana jambo la ajabu lilinijia. Katika maisha yangu nimepanga maelfu ya karatasi za sifa, na sikupata kuona hata moja ambayo ni ya kweli. Hii ilikuwa ya kwanza. Kila neno lilikuwa kweli isipokuwa kifo.

"Aliendelea na kazi hiyo," nikasoma, "hadi mauti yalipomkuta…"

"Lini?" akauliza Elpidi. "Mashine inadai tarehe."

Sikudhani alishika ukingo wa meza. Nje kengele ya shule ilianza kupigwa, siyo ile ya mapumziko. Walikuwa wanawatoa watoto.

"Leo," akasema. "Baada ya kuugua kwa muda mfupi. Weka na pengo, weka lisilozibika, bonyeza!"

Elpidi akabonyeza. Jenereta likakohoa mara mbili, taa ikafifia, ikarudi.

"ALAMA 99 KWA 100. HONGERA. UMETEULIWA MFUNGUA MLANGO MKUU. (ALAMA MOJA IMEPUNGUA KWA KUTOTAJA WAJUKUU.)"

Barua ikatoka kwenye printa nusu, karatasi ikakwama. Elpidi akaivuta kwa meno. Jenereta likazima.

Tulipanda mlima sote watatu, mimi nikisukumwa kwa nyuma. Tulipofika, maji yalikuwa yanalamba nyekundu. Sijui kama mmewahi kusikia ukuta wa mawe ukiguna. Ni kama mzee anayetaka kuinuka kitini. Koplo Njugilo alikuwa amesimama palepale, amelowa, macho yameelekea paa la nyumba yake huko chini.

"Barua!" Sikudhani akamtupia.

Koplo akaisoma, akairudia. Midomo yake ilikauka kwenye mvua ile.

"Hii ni ya Marehemu Sikudhani Mlawa."

"Ndiye mimi."

"Dada, wewe si marehemu. Nakuona. Marehemu akija nitampisha, nakuapia. Lakini aliye hai akigusa hilo gurudumu bila barua yake, amri ni risasi." Akainua bunduki, na maji yakamchuruzika mashavuni, sikujua ni ya mvua au ya macho yake. "Usilizungushe! Nitapiga!"

Sikudhani alikuwa ameshaweka mkono juu ya chuma. Hakuutoa.

"Njugilo. Ukinipiga risasi, nitakuwa nani?"

Koplo akafikiri. Askari wa nchi ile wanafikiri kwa utii, hatua kwa hatua. "Utakuwa marehemu."

"Na hiyo barua itakuwa ya nani?"

"Itakuwa… yako."

"Na gurudumu atazungusha nani?"

"Marehemu," alisema Koplo.

"Basi mwisho wake tunaujua sote. Risasi ni mali ya serikali, usiipoteze."

Jiwe likachomoka ukutani, kubwa kama kondoo, likaporomoka kwenda chini. Koplo Njugilo aliligeukia, akamgeukia Sikudhani, akapiga saluti ya msiba, kisha akalipiga kufuli kwa kitako cha bunduki. Lakiri ya wizara ikapasuka vipande. Wakalishika gurudumu pamoja, marehemu na askari, na mimi na Elpidi tukining'inia kwa nyuma. Halikutaka. Siku tatu za mnyororo zilikuwa zimelitia kutu. Sikudhani akalipiga teke mahali fulani chini ambapo kitabu chochote cha injinia hakijapataja, likalia, likageuka.

Maji yakatoka chini yakinguruma. Baada ya saa moja yalikuwa kumi na saba. Koplo alikaa matopeni, akacheka kama mlevi.

Lakini Chekeche lilikuwa mtambo wa kisasa, na mtambo wa kisasa haukai na habari peke yake. Lilikuwa limeunganishwa na redio ya taifa. Sikudhani aliposhuka nyumbani alikuta turubai limefungwa uani, wanawake wamejaa mikekani, sufuria ziko jikoni, na Mheshimiwa Tiberio Zongozi anamlilia redioni: "Taifa limempoteza binti shupavu, niliyemfahamu binafsi!"

Walipomwona, nusu ya waombolezaji waliruka ukuta. Mama yake, Bi Mwantumu, hakuruka. Alimshika uso kwa mikono miwili, akamzaba kofi, akamkumbatia. Sikudhani akamweleza yote sikioni, pamoja na lile la mnyororo. Kisha akaomba wampakulie, kwa sababu alikuwa hajala tangu jana.

Hajamaliza sahani ya wali, gari la wizara likasimama mlangoni. Akashuka Afisa Uhakiki, ameshika shada la maua ya plastiki na fomu.

"Poleni wafiwa," alisema. "Wizara imenituma kuthibitisha kwamba mteule anazo sifa alizodai. Mkidanganya, uteuzi unafutwa, na gurudumu linafungwa jioni hii."

Kule mashariki mawingu mengine yalikuwa yanajipanga, meusi kuliko ya kwanza. Kila mtu aliyaona.

Afisa akatazama picha kwenye fomu, akainua macho, yakatua kwa Sikudhani, tonge likiwa nusu njia.

"Huyu ni nani?"

Bi Mwantumu ni mwanamke ambaye hata ukipiga chafya mara tatu anakuombea dua usife.

"Ndiye marehemu," alisema.

"Anakula."

"Kwani wizara imemkataza?"

Afisa akarudi kwenye fomu. Akapitisha kalamu juu hadi chini. Je, kuna turubai? Lipo. Je, jina limetangazwa redioni? Limetangazwa. Je, ndugu wanalia? Hapo akasimama, akatutazama, na Koplo Njugilo, aliyekuwa ameshuka nasi kutoka bwawani, Mungu ambariki, akaangua kilio cha kwanza. Bondeni nzima ikafuata. Walilia kwa hofu ya siku tatu, walilia kweli, hata waliokuwa wameruka ukuta walirudi kulia. Afisa akaweka alama ya vema. Fomu haikuwa na mahali pa kuuliza kama marehemu anapumua.

"Dole gumba hapa, mama."

Bi Mwantumu alitazama wino. Dole lake lilikaa hewani.

"Nikigusa hapa," akauliza, "mwanangu harudishwi tena?"

"Harudi, mama. Cheo ni cha kudumu."

Akatazama mlimani. Akagusa.

Gari lilipoondoka, kilio kikakatika kama mfereji uliofungwa. Sikudhani alikuwa ameshasimama, anavaa mabuti. Mama yake akamshika kiganja, akabonyeza mshipa wa damu kwa vidole viwili, akausikiliza muda mrefu, kisha akamwachia.

"Nenda, mawingu hayo," alisema. "Na ukikutana na mtu wa wizara njiani, usipumue."